Ratiba ya Siku Tatu za Kutofanya Kitu Ranogi

Hivi wewe, mtu akikuandikia kwamba anataka kuja kwenu siku tatu asifanye kitu chochote, utampangia ratiba gani? Mimi ujuzi wa kazi hiyo ninao. Nina shahada mbili, ya pili ni ya jiografia, na huu ni mwaka wa nne nakaa kwetu Ranogi sifanyi kitu, tena bila kualikwa na mtu. Lakini kuiandika kulinishinda, nikaipeleka kijiweni. Kijiwe chetu ni benchi la dada Khimi, kando ya barabara ya Kullu. Mto uko chini yake, kijiji kiko ng'ambo. Ilikuwa Januari, theluji hadi magotini, na mungu wa kijiji chetu alikuwa amekwenda mbinguni kwenye mkutano wa miungu wenzake. Huenda kila mwaka, wiki sita. Akiwa hayupo hakuna kupiga kelele, hakuna muziki, hakuna kuchimba udongo hata wa kupanda kitunguu. Ng'ombe tunawavua kengele. Basi likifika kona yetu halipigi honi. Kwa hiyo ubishi wote utakaousoma hapa ulifanyika kwa kunong'ona. Aliyetaka kumtukana mwenzake aliinama kwanza.

Meseji yenyewe ilitoka kwa mama mmoja, Sulochana, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Nagpur. Alikuwa ameshafika Kullu mjini. Alitaka kijiji cha bondeni, chumba kinachoona mto, siku tatu za kurilaksi, na akaomba ratiba kabla ya saa sita mchana. Mimi na mama yangu tulikuwa tumevipaka rangi vyumba viwili tangu kiangazi, na huyu ndiye mgeni wa kwanza. Asipokuja, Jumatatu nakwenda Baddi kufungua na kufunga geti la kiwanda cha dawa. Shahada mbili, geti moja.

Dada Khimi alimimina chai. Redio akavuta glasi yake. Jina lake ni Tule Ram, lakini redio zote zikizimwa ndiye tunayebaki naye.

REDIO: Soma, Digrii. Siku ya kwanza umeandika nini?

MIMI: Anafika. Anakunywa chai. Anakaa.

REDIO: Anakaa wapi?

MIMI: Barazani.

REDIO: Safi. Siku ya pili?

MIMI: Anakaa tena.

FUTI: Hapana, hapo umezingua. Lazima aangalie upande mwingine.

Futi ni Budhi Singh. Wapimaji wa barabara walipokuja, miaka ile, walimpa ashike ncha ya utepe wa kupimia kwa siku kumi na moja. Tangu hapo hujui kama unaongea na jirani au na wizara.

FUTI: Kutoka baraza yenu hadi majini ni futi arobaini na moja. Siku ya kwanza akae futi arobaini na moja. Siku ya pili ishirini. Mtu wa hesabu huyo, ataielewa.

REDIO: Na siku ya tatu je? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

KHIMI: Jembe wiki hizi? Udongo umelala. Unataka mungu arudi akute bibi wa watu analima?

REDIO: Basi apewe tu alishike. Asilime.

KHIMI: Kunywa chai yako.

MIMI: Jamani, saa nne hii. Nimwandikie nini kuhusu samaki?

FUTI: Kuvua kumefungwa hadi Machi.

MIMI: Matofaa?

FUTI: Miti mitupu.

MIMI: Hekalu?

KHIMI: Mwenyewe amesafiri.

REDIO: Mnaona? Hiyo ndiyo rilaksi kamili. Kwingine mgeni anakimbizwa kutoka maporomoko hadi soko, jioni anarudi miguu imevimba. Kwetu hakuna pa kumkimbizia.

Nikaandika hivyo, kwa maneno mazuri zaidi. Likabaki jambo moja, ambalo wote tulikuwa tunalizunguka kama paka na uji wa moto. Daraja. Ranogi haina daraja. Mto ulilichukua miaka miwili na nusu iliyopita, usiku mmoja wa mvua, likabaki jiwe la msingi lenye jina la mheshimiwa aliyelizindua. Tangu hapo tunavuka ndani ya kikapu cha chuma kinachoning'inia kwenye waya. Unaingia, unakunja magoti hadi kidevuni, unajivuta kwa kamba. Kapi lake hulia kama mbuzi, kwa hiyo wiki za kimya tunalipaka mafuta ya haradali.

MIMI: Kikapu nakiitaje?

FUTI: Usafiri wa anga.

MIMI: Acha utani, bhai.

FUTI: Nani anatania? Dakika tisa juu ya maji, hakuna mtandao, hakuna mtu wa kukuuliza kitu. Mabwana wa mjini wanalipia mambo kama hayo, na bado wanalazwa sakafuni.

REDIO: Mwambie ni tiba ya magoti.

KHIMI: Tiba ya magoti ni kuyakunja?

REDIO: Dawa ya moto ni moto, dada. Tena mwambie serikali ililitoa daraja makusudi kulinda utulivu. Nilisikia Uswisi kuna vijiji wameyang'oa madaraja yao, wakayaficha.

MIMI: Ulisikia wapi na redio zimezimwa?

REDIO: Kabla hazijazimwa.

FUTI: Mimi nina lingine, msilitangaze. Daraja halikuchukuliwa na mto. Nimepima nguzo zilizobaki. Maji yangekwenda nalo upande wa chini. Mbona hatukuona hata ubao mmoja huko chini?

MIMI: Kwa hiyo?

FUTI: Nauliza tu.

REDIO: Lilikwenda juu.

FUTI: Sikusema mimi.

REDIO: Mungu wetu alilichukua kulipeleka mkutanoni. Miungu wa mabonde mengine wanajisifia barabara, umeme, na yeye aende mikono mitupu?

FUTI: Lakini lilikwenda mwezi wa Julai, mkutano ni Januari.

REDIO: Mzigo mkubwa hutangulizwa.

MIMI: Na amerudi mara mbili bila hilo.

REDIO: Huenda wamelipenda.

Dada Khimi aliweka birika chini taratibu, maana hata birika lina adabu wiki hizi.

KHIMI: Amesafiri, hajawa kiziwi. Siku akiwapiga upele msije kuniomba mafuta.

Mimi nikaandika: "Mgeni atavushwa mto kwa njia ya asili ya wenyeji." Nina shahada mbili, na hiyo ndiyo sentensi niliyoitoa. Nikabonyeza, mtandao ukazunguka, ukazunguka, meseji haikwenda. Nilipanda juu ya benchi, nikapanda juu ya ukuta. Nilikuwa bado ukutani, mkono juu, basi la saa sita liliposimama kimya kimya kwenye kona.

Akashuka mama mmoja mwenye miwani, sari chini ya koti zito, fimbo mkono wa kulia. Alitutazama kama darasa ambalo mwalimu wake amechelewa.

SULOCHANA: Ni nani kati yenu hajajibu meseji?

Nikashuka ukutani. Nilimwamkia kwa kugusa miguu yake, kwanza kwa heshima, pili ili asione uso wangu.

MIMI: Ni mimi, mama. Mtandao.

SULOCHANA: Mbona wote mnanong'ona?

KHIMI: Mungu wetu hayupo, mama. Karibu. Kaa. Chai yenye tangawizi?

SULOCHANA: Yenye tangawizi. Nisomee hiyo ratiba.

Nikamsomea. Siku ya kwanza kukaa. Ya pili kukaa karibu zaidi na mto. Ya tatu kukaa, na jembe kwa hiari, la kushika. Alisikiliza hadi mwisho, amefumba macho.

SULOCHANA: Miaka thelathini na nne nimefundisha karibu na barabara kuu. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Usibadilishe kitu.

Redio alinikanyaga mguu kwa furaha. Ng'ambo, mama yangu alikuwa ameshatuona. Alisimama mlangoni na sufuria ya mvuke, maana alikuwa anapika siddu, mikate yetu ya mvuke, tangu alfajiri, akawa anapunga mkono. Ukisimama kwa Khimi unaona hadi rangi ya kilemba chake. Si mbali. Ni mto tu.

SULOCHANA: Nyumba ni ile? Nzuri. Daraja liko wapi?

Hapo ndipo Futi alipoinuka, kifua mbele. Lazima nikiri, kosa hili tulilifanya kijiji kizima, na tulilifanya kwa fahari. Ofisi ya madaraja ilituandikia barua miaka miwili iliyopita, na barua ile ilimtaja mungu wetu kwa jina lake kamili na vyeo vyake vyote. Hakuna ofisi iliyowahi kufanya hivyo. Tukaichangia fremu. Iko ukutani kwa Khimi, kioo hufutwa kila asubuhi, na sikukuu hupakwa alama nyekundu ya ibada.

FUTI: Soma hii, mama. Sisi tunaheshimiwa.

Mama Sulochana alisogea na miwani yake, akapitisha kidole juu ya kioo mstari kwa mstari, kama anasahihisha. Barua inasema kwamba, kwa kuheshimu kimya cha mungu wa Ranogi, ambapo kuchimba udongo ni mwiko, kazi ya kujenga daraja inasitishwa kwa wiki sita hadi atakaporejea. Sahihi ya injinia, muhuri.

Alirudi akakaa. Alikunywa chai yake yote. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kuliko ya mtu yeyote pale:

— Mwaka una wiki hamsini na mbili. Hapa zimetajwa sita. Zile arobaini na sita walikuwa wanafanya nini?

Dada Khimi alichukua kitambaa kwenda kufuta kioo, akafika njiani akasimama nacho.

Mimi nilimwonyesha mama kikapu, sikuona njia nyingine. Alikikagua. Akauliza magoti yanakaa vipi, nikamweleza. Akagusa nyonga yake ya kushoto.

SULOCHANA: Hii ni ya chuma, mwanangu. Ina miezi saba. Daktari amenikataza hata kiti kifupi.

MIMI: Nitakuvuta mimi mwenyewe, mama. Polepole.

SULOCHANA: Najua ungenivuta.

Zilizovuka ni siddu. Mama yangu alizifunga kwenye kitambaa, akakivuta kikapu kwake, akaziweka humo, nikavuta kamba, zikafika bado moto. Mama Sulochana alizila pale pale benchini na samli, akitazama ule mlango ng'ambo ya maji na mama yangu amesimama pale, wanawake wawili wanapungiana mikono kama wako kwenye gati. Saa tisa alipanda basi la kurudi mjini. Kabla hajapanda aliniomba ile karatasi ya ratiba, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba. Sikumwuliza ya nini.

Sasa wewe bwana injinia wa madaraja, kwa kuwa Jumatatu nitakuwa Baddi getini na sitakuwa na nafasi ya kukufuata mlangoni kwako, sikiliza. Mungu wetu anarudi mwisho wa mwezi wa pili. Siku hiyo kijiji chote husimama uani mwa hekalu, na yeye, kwa kinywa cha mtu anayempanda, hutueleza alikokwenda, aliwakuta akina nani, na ametuletea nini cha mwaka huu. Mungu mzima anaeleza, na hajawahi kuona ni dharau kuulizwa. Umetumia jina lake kwenye barua yako. Basi njoo siku hiyo, panda kikapuni kama wengine, usimame kando yake mbele ya mama yangu, utueleze wiki arobaini na sita za mwaka juzi na arobaini na sita za mwaka jana, moja moja. Halafu taja tarehe ya daraja. Wiki za kimya zitakuwa zimekwisha, kwa hiyo sema kwa sauti.