Niliweka Sahihi Kwamba Sina Kazi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na kila asiyeona aibu kumsifu! Mimi naitwa Elihaki, mzaliwa wa hapa Gonja, mume wa Nakijwa, baba wa watoto watatu. Wengi mnaniita Mwalimu, kwa sababu nimefundisha kwaya na darasa la kipaimara katika usharika huu miaka mingi. Leo sikuja kufundisha. Nimekuja kusema Bwana alinitoa wapi, na nitasema nimesimama wima, kwa maana alichonitendea najivunia!

Nilikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha jasi huko Makanya. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa narudi nyumbani mwisho wa wiki vumbi jeupe la jasi limenijaa mpaka kwenye kope, watoto wananicheka kwamba baba amezeeka ghafla. Kisha kiwanda kikayumba. Tukaitwa watu wengi siku moja, tukapewa barua za kupunguzwa kazi. Ndugu zangu, una mke, una watoto shuleni, unasoma barua fupi, na kesho huna pa kwenda!

Lakini nilikuwa nimechangia mfuko wa hifadhi ya jamii miaka yote, na sheria ilinipa haki ya fao la kukosa ajira. Ni sehemu ya mshahara, ya miezi michache tu, ya kumshika mkono mtu aliyeachishwa kazi wakati anatafuta nyingine. Sharti lake linaeleweka hata kwa mtoto: uwe kweli huna kazi. Nikashuka Same, nikajaza fomu, na siku ile niliandika kweli tupu.

Aliyenipokea ofisini alikuwa Namsifu. Binti huyu nilimfundisha kipaimara mimi mwenyewe, mama yake anakaa ng'ambo ya mfereji kutoka kwetu. Akainuka kitini. "Shikamoo Mwalimu! Pole sana kwa yaliyokupata." Nikasema marahaba, na moyo wangu ukajaa fahari. Nilimwona amevaa kitambulisho chake shingoni, anaheshimika, nikasema moyoni, huyu ni tunda la darasa langu!

Fao likaanza kuingia. Haukupita muda, rafiki yangu Mbazi akanipigia simu. Tulifanya kazi naye kiwandani, akapunguzwa kama mimi, akahamia Arusha. Alikuwa amepata kazi ya mtandaoni kwa kampuni ya nje: kusoma maandishi ya Kiswahili na kusahihisha makosa. Akasema wanatafuta mtu mwingine mwenye Kiswahili safi. Nikafanya jaribio, nikapita. Kazi halali kabisa, ndugu zangu, naifanya mpaka leo. Ila malipo yalikuja kwa sarafu za mtandao. Ni fedha isiyoshikika, inakaa ndani ya simu, leo bei yake iko juu, kesho iko chini. Ukitaka shilingi, unaiuza huko huko mtandaoni, shilingi zinaingia kwenye simu yako.

Nikamuuliza Mbazi, "Sasa na lile fao letu?"

Akacheka. "Kaka, hii haipiti benki. Hakuna mshahara hapa, hakuna mkataba, hakuna bosi. Nani ataiona?"

Maneno hayo yakaniingia, yakakaa.

Mwezi uliofuata nikarudi Same kuhakikiwa kwamba bado sina kazi. Namsifu akafungua faili langu, akauliza kama anavyotakiwa kuuliza, "Mwalimu, tangu tuonane umepata kazi yoyote, au malipo ya kazi yoyote?"

Nikasema, "Hapana, mwanangu."

Akatabasamu. "Wengine nawauliza mara tatu. Wewe mara moja inatosha." Nikaweka sahihi. Na yeye, chini ya sahihi yangu, akaweka ya kwake.

Ndugu zangu, amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo, nilimfundisha mimi! Tena nilimkaririsha mpaka akaijua kwa moyo! Na pale mbele yake nikaivunja kwa sauti ya upole.

Nilijitetea sana. Nilijiambia hii si ajira, ni sarafu tu. Nilijiambia mchango ni wangu mwenyewe, namwibia nani? Kisha bei ya zile sarafu ikapanda. Nilizokuwa nimezihifadhi nikaziuza kwa faida nzuri, na kodi sikuiwaza hata kidogo. Sheria yetu sasa inazitambua mali za namna hii na inazitoza kodi, lakini mimi nilikuwa nimeamua kutokujua. Nikaezeka upya nyumba yetu, bati za rangi. Nakijwa, ambaye mikono yake haitoki kwenye shamba la tangawizi, akasimama uani akazitazama, akauliza, "Baba Eliona, hizi bati zimetoka kwenye fao?" Nikamwambia ni akiba ya zamani. Mke wangu naye nikamdanganya!

Mara ya tatu kuhakikiwa, niliweka sahihi huku namuuliza Namsifu habari za mama yake. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Kisha ikaja Jumapili moja. Tumetoka ibadani, watu wanasalimiana pale nje, nikamwona mama yake Namsifu ananijia, kanga ameibana mdomoni. Akanivuta pembeni.

"Mwalimu, naomba uniombee mtoto. Amesimamishwa kazi. Wakaguzi wamekuja, wanasema amepitisha faili la mtu mwenye kazi yake, wanamshuku amepewa kitu."

Nikamuuliza, "La nani?"

"Jina hatuambiwi. Hata yeye hanitajii, anasema ni siri ya ofisi. Analia tu, anasema mama, mtu yule nilimwamini. Uniombee, Mwalimu. Nimesema sina mwingine wa kumwendea."

Ndugu zangu! Binti alijua ni mimi! Alikuwa amekaa nyumbani na aibu yangu, na jina langu hakulitaja hata kwa mama aliyemzaa! Nami nikamshika yule mama mkono ili niombe. Nikasema, "Ee Baba..." Neno la pili halikuja. Nikajaribu tena. Halikuja! Miaka yote naongoza maombi mbele ya watu, siku ile kinywa kilifungwa. Yule mama akadhani nimezidiwa na huruma, akanipigapiga bega, akanishukuru. Akanishukuru mimi!

Nikaenda nyumbani, nikamkuta Nakijwa anapakua chakula. Nikamwambia yote, kuanzia simu ya Mbazi mpaka bati. Hakupiga kelele. Aliweka upawa chini, akafuta mikono. Kisha akasema, "Chakula utakula, maana kesho asubuhi tunashuka Same. Mimi nitakaa nje. Wewe utaingia."

Kama kuna mwanamume hapa anayejivunia mke, aje tushindane! Sijui kama ataniweza.

Basi Jumatatu nikaingia ofisini. Mkaguzi alikuwa mtu mzima, miwani puani, mafaili yamemzunguka. Nikamwambia, "Mimi ndiye Elihaki wa faili lile. Yule binti hakupewa kitu. Alidanganywa na mtu aliyemheshimu."

Akavua miwani. "Mzee, umeitwa?"

"Hapana."

"Nani amekuleta?"

"Bwana Yesu," nikasema, "na mke wangu yuko nje."

Nawaambia kweli, mtu yule aliinuka, akanivutia kiti. Nikaandika maelezo kwa mkono wangu: nilianza lini kazi, nililipwaje, mara ngapi niliweka sahihi ya uongo. Nikamweleza na lile wazo kwamba sarafu za mtandao hazihesabiki. Akatikisa kichwa, akaniambia shilingi zilizoingia kwenye simu yangu ndizo zilizowaonyesha. "Ungelipwa kwa shilingi, kwa mbuzi au kwa sarafu, kazi ni kazi. Fao hili ni la asiye nayo. Ungekuja kusema siku ile ulipoipata, tungesimamisha fao na kukupongeza. Leo itabidi urudishe."

Nikasema, "Nitarudisha." Na mara nikasikia kitu kimeniachia hapa kifuani, kama mtu aliyefunguliwa kamba! Haleluya! Hapo hapo, mbele ya mkaguzi, kabla hata sijajua adhabu yangu, nikawa huru!

Hakuniacha hivi hivi. Akanielekeza niende na ofisi ya mapato, siku hiyo hiyo, kwa mguu wangu. Dada niliyemkuta kule alikuwa mvumilivu. Akaniuliza, "Malipo ya kazi ni kipato, na faida uliyoipata ulipouza hizo sarafu bei ilipopanda ni jambo la pili. Unavyo vielelezo vya yote mawili?" Nikatoa simu. Tukapitia malipo moja moja, mimi nasoma, yeye anaandika. Nilitozwa kodi, na faini ya kuchelewa juu yake. Sarafu zote zilizobaki tukaziuza, na tangawizi ya msimu ule ikafuata. Mke wangu alibeba tangawizi ile kwenda sokoni kwa ajili ya uongo wa mumewe, na hakuninyanyasa nayo hata siku moja.

Namsifu akarudishwa kazini. Nilimfuata kumwomba radhi. Alinisalimia kwa heshima ile ile, lakini machoni kulikuwa na moto. Akasema, "Mwalimu, mimi ningekusamehe siku ile ile. Lakini ulimwacha mama akuombe maombi. Nenda kwanza kwa mama."

Nikaenda. Ilikuwa safari ya kuvuka mfereji tu, na sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule. Nikapiga magoti uani kwake, nikasema, yule mtu ni mimi. Yule mama aliweka chini ungo aliokuwa anapepeta. Kuku wakaujia. Kisha akasema, "Kumbe nilipiga hodi kwenye mlango wenyewe. Basi Mungu alinisikia kabla hujafumbua kinywa." Akaingia ndani, akanitolea makande, nikayala yamechanganyika na machozi yangu.

Nikaja kwa mchungaji, nikaja kwenu. Nikavua uzee wa kanisa niliokuwa nao, nikaacha kwaya, nikakaa benchi la nyuma kipindi chote mlichonipangia. Wengine mlinicheka, nawasamehe. Wengine mlikuja kukaa na mimi kule nyuma ili nisikae peke yangu, na ninyi nitawaombea maisha yangu yote.

Leo mmenirudisha. Naifanya bado kazi ya kusahihisha, nalipwa bado kwa sarafu za mtandao, na kila malipo nayaonyesha. Nina namba ya mlipa kodi, nina hati yenye jina langu kwamba sidaiwi. Nakijwa ameibandika sebuleni karibu na picha ya harusi yetu, na mgeni akiingia namwonyesha kabla hajaketi! Mtasema Mwalimu anajivuna. Najivuna, ndiyo! Najivuna katika Bwana! Watu wananipigia simu toka Kighare, toka Kihurio, wananiuliza habari za mambo haya. Nawaambia mimi si mwanasheria. Nendeni ofisini mkaulize mapema, mseme yote, msichague ya kusema.

Asante Bwana kwa kinywa ulichokifunga siku ile! Asante kwa binti aliyenyamaza, kwa mama aliyenilisha, kwa mke aliyekaa nje kwenye jua!

Ndugu yangu unayenisikiliza, labda nawe umeandika mahali jambo lisilo kweli. Labda ni dogo, labda hakuna anayelijua. Nakusihi, usisubiri mwingine aadhibiwe kwa ajili yako. Mwamini Yesu kwa hilo hilo moja unaloliogopa kuliko yote. Baada ya ibada nitabaki hapa mbele. Njoo tuombe, kisha uniambie ni ofisi gani, nami kesho sina safari nyingine ila hiyo yako.