Damien Alivyojipatia Marehemu

Kila anayekuja kunywa kahawa yangu anataka nimsimulie habari ya makaburi, kana kwamba minye ndiye niliyeyachimba. Nimeisema mpaka mdomo umechoka. Haya, kaa, lakini usinikate katikati, na kikombe kikiisha uagize kingine. Pale kwenye barabara ya Kavimvira, mahali mji ulipokuwa unaanzia zamani, zimebaki nguzo mbili za matofali za lango ambalo hakuna aliye hai aliyeliona likifungwa. Nyuma ya nguzo kuna makaburi ya mawe, hayana jina wala msalaba. Mbele yake liko benchi langu na termosi yangu. Na katikati, kati ya benchi na makaburi, Akimana, mjane, anakaanga ndagala, samaki wadogo wa ziwa, na mihogo. Hapo ndipo chakula cha watoto wake kinapotoka. Mahali pengine hana.

Wenye benchi ni watatu. Jean-Berchmans tunamwita Arshivu, kwa sababu anakumbuka kila kitu, hasa yale ambayo hayakutokea. Ngoga, aliyeshuka kutoka milimani na fimbo yake ya ng'ombe, tunamwita Pasta, ingawa hakuna kanisa lililowahi kumpa mimbari. Na Damien ni Avoka, yaani wakili. Tribinali aliingia mara moja tu, kama mshitakiwa.

Siku moja Damien aliwanunulia wote kahawa. Nikajua kuna jambo, maana huyo hata kikohozi chake hagawi.

Arshivu alianza. Kaburi kubwa, alisema, ni la Mgiriki muuza chumvi, aliyefia langoni akibishana juu ya ushuru, na hasira ikawa nyingi hata wakamzika mdomo wazi. Pasta alimwangalia kwa huruma. Mle hamna mtu, akasema, mle kuna ng'ombe.

— Ng'ombe gani anajengewa kaburi la mawe?

— Wa kwetu, wa milimani. Alishuka kunywa maji ya ziwa, mji wote ukasimama kumwangalia. Weye ukifa, nani atasimama?

Damien aliwaacha wachoke. Kisha akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayevua miwani mbele ya jaji.

— Mule iko babu yangu, akasema. Mlinzi wa lango.

Huyo babu, kwa maneno yake, hakuhitaji kufuli. Alilala amesimama, mgongo umeegemea mlango, na mlango haukufunguka. Wazungu walifika usiku na bunduki zao, wakamkuta anakoroma, wakaketi chini wakangoja aamke. Alipokufa walimzika vilevile, amesimama, ufunguo mkononi.

— Amesimama? Arshivu akauliza. Kaburi lile ni refu kama kitanda.

— Miguu waliikunja.

Tulicheka, na minye nikacheka. Kicheko kilikatika aliposema kilichomleta. Mahali pa babu ni pa ukoo. Ameshamwona chefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, naye anakuja kusikia mashahidi wa kijiweni. Wakikubali, kiwanja ni chake, na atajenga buvette, kibanda cha kuuzia pombe. Akimana aondoe karai lake kabla ya Jumapili.

Akimana alikuwa anageuza samaki. Hakuinua uso.

— Yaya Damien, kaka yangu, minye na watoto twende wapi?

— Kavimvira ni kubwa, dada.

— Kubwa kwa weye.

Wanaume wawili wale waliangalia ndani ya vikombe vyao kana kwamba kuna nzi ameangukia humo. Kahawa ya Damien walikuwa wameshainywa.

Chefu akafika, akabaki amesimama. Damien akaanza upya habari ya babu, safari hii na machozi. Alikuwa katikati ya Wazungu na bunduki zao wakati Concilie, mama mkulima wa Kiringye kule bondeni, alipotua mzigo wake wa mihogo, ule anaomletea Akimana. Akajipangusa jasho, akasikiliza mpaka mwisho, akamshika Damien mkono kwa mikono miwili.

— Pole sana, baba. Na matanga yake mulimaliza lini?

Na mama yule hakuwa anadhihaki. Kwao bondeni, hilo ndilo unalouliza kwanza: kama matanga hayajaisha, unaleta chochote, kama yameisha, unakaa na kusalimia.

Damien akapiga hesabu. Aseme yameisha? Arshivu, ambaye ukoo wake haujawahi kuhama hapa, angeuliza nani alikula. Aseme marehemu si wake? Chefu alikuwa pale. Akachagua njia aliyoiona ya akili.

— Hatujamaliza. Uchungu ulikuwa mwingi.

— Tangu wakati wa Wazungu? Pasta akauliza.

— Ulikuwa mwingi sana.

Chefu akakunja mikono.

— Basi, Avoka, mahali pa marehemu hapaguswi matanga yakiwa bado. Maliza, halafu tuongee.

Akaandaa karamu ya kumaliza matanga, angefanya nini? Watu walitoka Makobola mpaka mpakani. Sufuria haijafunuliwa, Arshivu akasimama analia, akasema mama wa mlinzi alizaliwa kwao. Mgiriki hakutajwa tena. Pasta akasema babu yake alimpa mlinzi ng'ombe, na kwao milimani anayekupa ng'ombe ni ndugu yako. Nyama ilipogawiwa, kila mwenye sahani alikuwa mjukuu. Hata minye nililia kidogo. Na Damien angemkana nani? Angeulizwa ushahidi wake mwenyewe uko wapi.

Chefu akapangusa midomo.

— Ukoo umekuwa mkubwa, akasema. Kiwanja ni cha ukoo wote. Nani anataka Akimana aondoke?

Damien aliinua mkono, akaangalia huku na huku, akaushusha. Wajukuu wengine walikuwa wanaomba ndagala ziongezwe.

Sasa unataka kujua kilimgharimu nini. Mbuzi wake wawili waliliwa. Madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi, yalinywewa mpaka mashapo ya chini. Mabati aliyokuwa ameficha kwa ajili ya buvette aliyatoa ili kupata mchele na maharagwe. Na kwa kuwa yeye ndiye mfiwa mkubwa, ilimbidi anyolewe kichwa na ndevu zile alizokuwa anazipaka mafuta kila asubuhi. Pasta ndiye alimnyoa, kwa wembe butu, bila haraka, na minye nilishika bakuli la maji.