Merle Renkin na Tairi la Kaka Yake

Wasikilizaji wapendwa wa Omeo, na ninyi mlioko huko chini Swifts Creek, epueni birika mkae kidogo. Merle Renkin hatunaye tena. Ametutoka Jumapili asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na moja. Merle, dereva wa gari la wagonjwa la mji wetu. Merle aliyetupeleka hospitali ya Bairnsdale na kuturudisha, kiangazi na theluji, bila kulipwa.

Mimi mtangazaji wenu, Corinne Bastable, nilikuwa abiria wake nilipovunjika nyonga. Kona za barabara ya mto Tambo mnazijua. Kila kona alikuwa ananiambia, "Lalamika tu, Corinne, redio ya gari imeharibika." Nikalalamika mpaka hospitali.

Alizaliwa hapa, binti wa mfuga ng'ombe. Alipanda farasi kabla hajajua kusoma. Baadaye akapika shuleni miaka mingi, na wengi wenu mnaonisikiliza mmekula mikate yake ya nyama. Lakini leo nataka niwasimulie habari ya tairi. Familia imeniomba hivyo. Kaka yake, Athol, ameniambia, "Wengine watasema alikuwa mpole. Usiwafuate. Simulia la tairi."

Mnakumbuka gari letu la kwanza la wagonjwa. Lilikuwa linavutwa na magurudumu yote manne, maana huku juu gari la namna nyingine halifiki mbali. Tairi moja likaisha. Kamati ikanunua jipya moja, ikaliweka pamoja na yale matatu ya zamani. Ikaonekana tumebana matumizi vizuri. Miezi michache baadaye giaboksi ikaanza kulia, ikanuka moto, ikafa. Majira yote ya baridi mji ukakaa bila gari. Bibi Ivy Lorne, aliyekuwa akisafishwa damu kwa mashine hospitalini, ikabidi ahamie Bairnsdale, chumba cha kupanga, peke yake. Alifia hukohuko. Merle ndiye aliyekwenda kumfungia virago vyake.

Tangu hapo alikuwa akitueleza hivi, na alieleza mpaka kwenye foleni ya posta: "Vaa mguu mmoja kiatu chenye kisigino na mwingine ndala, halafu utembee mpaka Bairnsdale. Kiuno kitakwambia." Tairi jipya ni nene. Lililolika ni jembamba. Magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti, na giaboksi iliyoko katikati inagombana nayo njia nzima.

Tukachanga, tukapata gari la pili. Hili mnalolijua, pana, lenye ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu. Abiria wake mkubwa alikuwa Vince Cassar, mfugaji wa kondoo, mguu mmoja umekatwa, figo zimechoka. Vince alihitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Mwezi wa saba mmoja, katikati ya baridi, wasikilizaji wapendwa, Merle aligonga jiwe lililoporomoka barabarani. Gurudumu la mbele likakaa upande. Hakugundua mapema, na tairi likalika kwa ndani mpaka nyaya zikaonekana. Fundi wetu Garth alinyoosha gurudumu. Tairi likawa ndilo shida. Yale matatu mengine yalikuwa yamelika nusu. Seti nzima ingetoka Melbourne wiki inayofuata, na Vince alitakiwa hospitali kesho yake.

Garth akasema, "Merle, jipya moja ninalo. Tulifunge. Safari mbili tatu tu, litakufa gari?"

"La kwanza lilikufa kwa maneno hayohayo," Merle akamjibu. "Niazime kipimo chako na gari lako."

Akaenda kwa Athol.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Merle na Athol walikuwa hawasemeshani. Mama yao alipofariki, Athol aliuza farasi wa marehemu bila kumwuliza Merle, na Merle hakulimeza hilo. Miaka ikapita. Dukani mmoja akiingia, mwingine anatoka. Lakini Athol alikuwa na gari aina ileile, halina ubao tu. Na matairi yake alifungiwa na Garth msimu mmoja na ya gari la wagonjwa.

Tegan, binti wa Athol, alikuwepo siku ile. Ndiye aliyenisimulia.

"Baba alikuwa anapasua kuni. Akamwona shangazi anashuka. Akaangusha shoka, akauliza, 'Nani amekufa?'"

"Hajafa mtu," Merle akasema. "Nataka tairi lako."

"Hujanisalimia miaka yote hii, leo unakuja kuniomba mguu wa gari?"

"Siombi mimi. Zinaomba figo za Vince."

"Vince alinivunja pua kwenye fainali ya mpira!"

"Ilikuwa mbaya hata kabla yake. Sogea nipime."

Athol akasema, basi si nimpeleke mimi kwa gari langu? Merle akamjibu, "Na kiti chake utakipakia wapi, Athol? Kwenye kapu la samaki?"

Alichutama kwenye theluji, akapima meno ya tairi moja baada ya jingine. La nyuma kulia likalingana na yake. Akabaki amechutama pale.  Akasema tu, "Hili, Athol. Tafadhali."

Athol akamgeukia Tegan: "Lete jeki."

Alilifungua mwenyewe. Gari lake likakaa juu ya magogo, na kesho yake Vince alikuwa hospitali kwa wakati. Watu waliopita walimcheka Athol, kwamba gari lake limekuwa kilema. Yeye akawa anajibu kwa kifua mbele, "Mguu wake uko Bairnsdale, unafanya kazi. Wako uko wapi?"

Na kabla ya kuondoka siku ile, Merle aliingia ndani akanywa chai. Farasi hawakutajwa. Baada ya hapo, kila aliporudi na Vince, alisimama kwa Athol kunywa chai.

Vince amepiga simu leo asubuhi. Alipata figo mpya, amewaona wajukuu wake. Amesema, "Corinne, waambie nilipelekwa na familia nzima ya Renkin."

Nimemwuliza Athol kama waliwahi kupatana. Akasema, "Hakunishukuru hata siku moja. Na mimi sikumwomba radhi. Lakini chai yangu aliinywa, mpaka juma lililopita."

Athol, Tegan, poleni sana. Mji huu unajivunia Merle, na unajivunia ninyi. Mazishi ni Ijumaa, kanisani, saa tano.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, pengine iko nyumba mnayoipita bila kugeuza shingo. Wiki hii pindeni kona, mbishe hodi. Kama hamna la kusema, ombeni kitu.