Ishara ya Mzee Simama

Ndugu waombolezaji, majirani, na waamuzi wenzake wa marehemu, mimi ni mkwe wake, mume wa binti yake, na nimesimama hapa kwa sababu aliagiza mwenyewe historia yake niisome mimi, hata shemeji yangu alipojitolea mzee alikataa katakata, kwa hiyo mnivumilie, maana hata leo amenibana kwenye kona.

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Mzee Simama, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akamaliza shule ya msingi ya jirani mwaka 1963, kisha akawa karani wa mizani kwenye ghala la saruji hadi alipostaafu, na jioni akawa mwamuzi wa ngumi za kulipwa, ambako ukali wake wa kuamuru “simama” ndio uliompa jina. Alifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1975 na mama mkwe wangu, huyu hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, shemeji yangu na mke wangu.

Sasa nifike pale mnapopasubiri, msijifanye. Tarehe 17 Juni 1998, nikiwa bondia, nilipigania mkanda wa ubingwa, yeye akiwa mwamuzi, na raundi ya sita, nikiongoza kwa pointi, mimi na mpinzani wangu tuligongana vichwa kwa bahati mbaya, unyusi wangu ukapasuka, damu ikanijaa jichoni. Mwamuzi akiona vichwa vimegongana husimamisha pambano papo hapo na kugusa paji lake kwa ngumi, kuwaonyesha majaji, na hapo daktari akimzuia bondia, pointi huhesabiwa, lakini asipotoa ishara hiyo, jeraha huhesabiwa ni la ngumi, na aliyepasuka ndiye ameshindwa. Mzee alikuwa nyuma ya mgongo wa mpinzani, hakuona, hakutoa ishara, daktari akanizuia, mkanda ukaenda zake, na picha za video zilionyesha migongo mitupu.

Mwaka 2000 nilipokuja kumposa binti yake, alikubali kwa sharti moja, kwamba pambano lile nisilitaje maadamu yeye yu hai, nami kwa mapenzi nikaitikia, lo, kumbe nimejifungia mlango mwenyewe, kwa sababu kila Jumapili nilikaa kiti cha kumkabili, yeye akilitazama kovu langu na kunisogezea chumvi, mimi nikimeza hasira pamoja na chakula, na mke wangu katikati akituuliza kama mvua itanyesha.

Tarehe 4 Februari 2019 alipata kiharusi kilichomwondolea uoni wa upande wa kushoto, tukamhamishia kwetu, nikawa namshika mkono kwenda bafuni, na asubuhi moja koridoni aligeuka ghafla kwa upande asiouona, tukagongana vichwa, akafoka akitaka kujua nani kampiga. Nilimwambia hajapigwa, ni kichwa, bahati mbaya tu, hakuniona. Alipapasa paji lake, akapapasa kovu langu, kisha akageukia ukuta, hapo hapana jaji wala kamera, akakunja ngumi na kuligusa paji lake la uso.

Sikufurahi, nasema kweli, nilipandwa na hasira, maana matokeo hayabadiliki tena, shahidi ni mimi peke yangu na mlalamikaji ni mimi huyo huyo, nani ataniamini, na kumwuliza nimekatazwa. Hata mke wangu anayasikia leo. Lakini wiki ile ile ndipo alipoagiza kwamba historia hii nisome mimi, na sharti lake, mnakumbuka, lilikuwa maadamu yu hai.

Alifariki hospitalini tarehe 11 Mei mwaka huu, saa tatu asubuhi, mikononi mwa mama. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kulala nasi, wenzake wa ghalani, na waamuzi wote mliokuja na mashati yenu meupe.

Baba, ishara yako niliiona. Pumzika kwa amani.