Jani la Siku ya Kumaliza Vita

Nisikilizeni, wanangu, na wewe Gozbert zima hiyo simu, duka lako la Rwamishenye halitafilisika kwa nusu saa ya mama yako kufa.

Annastella, nyumba ni yako. Gozbert, chukua kibanja, migomba yote mpaka kule mtoni. Lakini uwanja wa mbele, tunapotandika majani ya mgomba siku ya kumaliza vita, usiujengee banda la kuoshea pikipiki. Nimesikia, mimi nasikia kila kitu. Zamani majani yalianzia mlangoni yakaishia barabarani, kijiji kizima kinakula ndizi na maharage, wazee wanagombania pombe ya rubisi. Mwaka jana jani lilikuwa moja, mimi na jirani yetu Getruda, tumepeana migongo, hata chumvi tunaombana kwa kukohoa.

Mnadhani tumenuniana kwa kuwa alininyang'anya mume. Watu walisema hivyo, nami nikawaacha, nikaongeza na viungo. Uongo mtupu.

Wakati wa vita nilimwona Philbert, mume wa Getruda, akimkaribisha mgeni mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka. Nilipofika kisimani mdomo ukaniwasha, nikasema Philbert anafuga jasusi. Nilitaka wacheke tu, wanitazame. Jioni vijana wa hapa hapa wakaja na mapanga, wakawachukua wote wawili. Kumbe mgeni alikuwa mchuuzi wa samaki wa visiwani. Dagaa wake walibaki kwa Getruda mpaka wakaoza. Philbert hakurudi. Vita vikaisha, watu wakaimba, Getruda akaja kuketi kwenye jani, akingoja mmoja wetu aseme nani alimchongea mumewe. Kila mwaka anakuja kungoja. Waliojua wamekufa, nimebaki mimi, na siku yenyewe ni keshokutwa. Sitaifikia.

Ndiyo maana nimemwita... Hapana, Gozbert, usifunge mlango! Ni yeye, nakijua kikohozi chake. Getruda, umesikia? Niliyesema kisimani ni mimi. Mimi. Usinisamehe kwa kuwaonea haya hawa watoto, nakusihi waitu. Kaa tu.

Annastella, kata jani... dogo, linatosha hapa kitandani. Weka zile ndizi ulizopika. Mungu awape migomba isiyoanguka, wanangu, na watoto wa kuwachosha... Keshokutwa mtandike uwanjani. Getruda asile peke yake, mmesikia? Asile...

Getruda. Geuka basi. Nikuone uso.