Kibali cha Tundu Moja

Kijiwe chetu kipo Ruhembe, mkabala na zahanati mpya, mahali ambapo alasiri moshi wa mashamba ya miwa hushuka taratibu na kumfanya kila mtu aongee kama aliyeamshwa sasa hivi. Benchi ni mbao mbili juu ya matofali. Kahawa ni ya Magdalena. Siku hiyo Mwinshehe, fundi umeme tunayemwita Volti, alikaa na drili mapajani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Chumba cha kujifungulia cha zahanati hiyo kina dari la zege, na fundi plasta alilirembesha kwa mawimbi na vinundu mpaka boksi la taa, lenye nyaya zake, likazama humo humo. Hakuna anayejua liko wapi. Ofisi husika, kwa kuyahurumia marembo hayo, imetoa kibali cha kutoboa tundu moja tu. Na Upendo, binti wa Volti, mimba yake imetimia.

Wa kwanza kusema alikuwa Katibu, karani mstaafu ambaye kalamu haijatoka mfukoni mwake tangu astaafu.

Katibu: Ofisi haijakosea. Taa moja, tundu moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Trekta, dereva wa kuvuta miwa, akacheka ndani ya kikombe.

Trekta: Ufa wenyewe uko wapi, mzee wangu? Si ndio tunautafuta?

Katibu: Basi ujue umezibwa vizuri.

Volti: Nyinyi chekeni. Upendo alizaliwa kwa koroboi. Mkunga alinituma nikaongeze mafuta, narudi nakuta mtoto kashatoka gizani. Nikaapa mjukuu wangu hatapokelewa hivyo. Mwanga kwanza, pangaboi baadaye, joto tutalivumilia. Sasa mwanga wenyewe umejifunika plasta.

Trekta: Mficha uchi hazai, kaka.

Magdalena: Hilo usiende kulisemea pale mlangoni kwa wajawazito.

Katibu: Ile springi yako ya kupitishia waya inasemaje?

Volti: Nimeisukuma kwenye bomba kutokea kwenye swichi. Inakwama. Inaniambia ni mbali kiasi gani, hainiambii ni upande gani.

Trekta: Gonga. Penye boksi pana sauti yake.

Volti: Nimegonga. Dari lote linaitikia abee.

Katibu: Kamati ya ukaguzi ilikwenda kisomi zaidi. Mwenyekiti alisema dari hukaguliwa kwa kulala chali. Wakatandika mkeka, wakayatazama yale mawimbi, wote watatu wakapitiwa na usingizi mpaka adhuhuri. Taarifa yao inasema dari ni tulivu.

Trekta: Kamati wako sahihi. Mimi nililala pale kidogo tu, mkaona nimechelewa shamba. Niliona tembo wanavuka barabara ya Mikumi, mmoja mmoja, wamejitwika mizigo kichwani kama wanahama. Wa mwisho akasimama akanitazama. Boksi liko chini ya jicho lake.

Katibu: Jicho la kulia au la kushoto?

Trekta: Alisimama ubavu, mzee, nililiona moja tu.

Katibu: Mimi nilimwona marehemu mama anapepeta mpunga. Pumba zinapanda, hazishuki. Boksi liko kwenye ungo.

Hata mimi nilishalala pale, sikusema. Niliona mto umejaa maji ya kimyakimya, na sikutaka kuutaja, mtu asije akautoboa.

Trekta: Basi tupime, tutoboe katikati ya jicho na ungo.

Katibu: Ngoja. Zege hupumua. Mchana jua likilichoma linajinyoosha, jioni linajikunja. Kwa hiyo boksi linatembea. Tungoje magharibi, likiwa limerudi nyumbani. Haraka haraka haina baraka.

Nikaogopa, maana Volti alianza kutikisa kichwa kwa kukubali.

Hapo ndipo Upendo alipofika, beseni mkononi, kanga mbili begani, anatembea kama anayesikiliza kitu ndani ya hatua zake.

— Shikamooni.

— Marahaba, tuliitikia wote.

— Baba, taa tayari?

Volti alitazama drili.

— Bado, mwanangu. Boksi limezama darini. Tuna tundu moja, tunalipangia.

Upendo akashika ukingo wa benchi, akafumba macho, maumivu yakapita. Akafumbua.

— Na ukutani je?

Trekta aligeuka kuitazama zahanati. Katibu akapapasa kalamu mfukoni.

— Kibali hakikuutaja ukuta, alisema.

— Kimeukataza?

Tulikuwa tumelala chali siku zote hizo; ukuta ulikuwa pembeni, plasta laini, umeme umeshafika kwenye swichi.

Volti aliondoka bila kumaliza kahawa. Tukamfuata hadi dirishani. Aliifunga taa ukutani, juu karibu na dari, na alipoiwasha mwanga ulilipitia dari kwa ubavu. Kila wimbi likatupa kivuli. Darini, usawa wa kitanda, palionekana duara limebonyea kidogo, kama kifuniko cha sufuria kilichofukiwa mchangani.

— Lile pale, alisema Volti kwa sauti ndogo, akainua drili.

Nesi Scholastica alikuwa ameshamlaza Upendo kitandani.

— Unakwenda wapi na hilo lidude?

— Tundu, nesi. Nimeliona. Dakika moja tu.

— Toka nje. Huyu anayekuja hajaomba kibali.

Mlango ukafungwa. Volti akaweka drili chini, akabandika kiganja kwenye ukuta ule ule, upande wa nje, kama anayeupima homa. Trekta alimletea kahawa yake ikapoa mkononi. Volti hakuuachia ukuta mpaka mtoto alipolia.