Haiwashi Hata Kidogo: Don Fulgencio Canul Anapumzisha Magoti

Jumamosi ya tarehe 14 Juni, Don Fulgencio Canul anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya kuhudumia meza katika mgahawa wa familia ya Pech, mtaa wa Santiago, mjini Mérida, Meksiko. Wenye kumbukumbu nzuri watasema walishawahi kusoma habari hii. Ni kweli. Hii ni mara ya tatu tunamuaga, na keki ya mara ya pili aliigawa mwenyewe akiwa ameshavaa aproni.

Aliajiriwa kwa wiki mbili tu, amshikie nafasi binamu yake aliyevunjika mkono. Binamu alipona, akaja kula, Don Fulgencio akamhudumia, na suala hilo halikuzungumzwa tena. Hajawahi kuandika agizo la mteja. Husikiliza amefumba macho, kisha huleta anachoona kinakufaa. Kuna walioomba samaki wakaletewa panucho, zile chapati za mahindi zenye maharage na bata mzinga, na hawajaomba samaki tena.

Lakini jina lake limejengwa na pilipili. Kila meza kwetu ina bakuli la pilipili ya kusaga, anayoitengeneza Doña Eduviges Pech, mwenye mgahawa, akiwa amejifunga kitambaa puani na madirisha yote wazi. Mteja huuliza, "Inawasha?" Don Fulgencio hujibu kwa uso mkavu: "Haiwashi hata kidogo, bosi. Watoto wanapaka kwenye mkate." Mérida nzima inajua huo ni uongo. Lakini ukishaambiwa haiwashi, heshima yako iko mezani. Unachovya, unatoka jasho, unamaliza jagi zima la maji ya machungwa, na unaondoka ukijiona shujaa.

Ndiyo maana kumuaga kulitushinda. Miaka mitatu iliyopita daktari alimwambia kwamba akiendelea kubeba sinia, magoti yale hayatampeleka hata sokoni. Tukamkabidhi meza Nereida, mkwe wa Doña Eduviges, mchapakazi kweli, ila ana kasoro moja: alifanya kazi duka la dawa miaka kumi na moja. Mteja wa kwanza alipouliza, alijibiwa: "Inawasha sana, mzee wangu. Una vidonda vya tumbo? Basi usiguse." Wiki nzima hakuna aliyegusa. Watu walikula kimya kama wako msibani. Mwalimu Uicab wa meza ya dirishani alihamia mgahawa wa ng'ambo ya bustani, akisema, "Kule angalau wananidanganya." Don Fulgencio akarudi, anachechemea. Mara ya pili ilikuwa vilevile, ila safari hiyo Nereida alitaja na kiasi cha kutozidisha kwa siku.

Alhamisi iliyopita, jioni ya joto lile la kutoa viti nje barazani, Doña Eduviges alimvua Don Fulgencio aproni kwa nguvu, akamkalisha mkabala na Mwalimu Uicab. "Leo wewe mteja, Fulgencio. Ukiinuka tu, nakufunga kwenye kiti!" Akakaa, ingawa alifuta meza ya jirani bila kuinuka. Nereida akaleta panucho na bakuli. Sisi wa jikoni tuliacha masufuria, tukabanana mlangoni. Nereida akishindwa tena, mzee atarudi kesho na magoti yale yale.

Don Fulgencio akauliza, "Mwanangu, inawasha?"

Nereida akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema, kwa uso mkavu kabisa, "Haiwashi hata kidogo, Don. Wanangu wanapaka kwenye mkate."

Don Fulgencio akachota vijiko vitatu.

Hapo ndipo tulipojua. Katika miaka yote ile hakuwahi kuonja. Binamu alimwambia haiwashi, akaamini, na majasho ya wateja alidhani ni joto la Mérida. Alimaliza jagi lake na la Mwalimu Uicab. Sauti iliporudi, alisema, "Jamani, watu nimewafanya nini?" Halafu akampa Nereida sinia. "Umenishinda, mwanangu. Mimi nilisema nikiamini. Wewe unajua, na bado umesema." Akalia, na si pilipili peke yake, maana na sisi tulilia na hatukuwa tumekula kitu.

Don Fulgencio, asante kwa kila sahani tuliyoomba na kwa zile ambazo hatukuomba. Tulikupenda, tunakupenda. Kiti cha dirishani ni chako kila Alhamisi. Uwe na siku nyingi za afya, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Na kama unajiuliza kukaa nyumbani bila sisi kutakuwaje, tunakujibu sote kwa uso mkavu: hakuwashi hata kidogo.